Wimbo Uliozaliwa Mara ya Pili

Bendi yoyote inayoingia studio kurekodi albamu ya pili huijua adha hii. Albamu ya kwanza hubeba nyimbo zilizokusanywa tangu utotoni, zilizoimbwa bafuni, kanisani na kwenye harusi za jamaa. Ya pili haina akiba. Watu wameshakujua, wanakungoja, na kila mmoja ana lake. Ukirudia yaleyale watasema umeishiwa. Ukigeuza kila kitu watasema umejisahau. Fundi wa kweli huonekana hapo, katika kuuchukua muziki ambao tayari una wenyewe na kuufanya uwe mwingine bila kuuondolea uhai.

Mfano wa ufundi huo ninaouheshimu kuliko yote katika Afrika Mashariki haukutoka kwenye bendi. Ulitoka Mto Tana.

Ukitoka Malindi kwa basi la Lamu, barabara hugawanyika Minjila. Mkono mmoja unaingia Garsen na kuendelea Witu hadi Lamu. Mwingine unapanda na mto kuelekea Hola na Garissa, na ukiufuata huo utafika nchi ya Wapokomo wa Gwano, wakulima wa ndizi, mahindi na maembe, ambao maisha yao yamepimwa na kujaa na kupungua kwa maji. Huko kuna kijiji kiitwacho Makere. Mzee Meza Galana wa Makere ndiye anayetajwa kuwa chimbuko la tuni ambayo kila Mkenya ameiimba akiwa amesimama wima: bembelezi ya Kipokomo, wimbo wa mama wa kumlaza mtoto, uliogeuzwa kuwa wimbo wa taifa.

Nchi nyingine za jirani zilipita njia nyingine. Tanganyika ilichukua wimbo wa kanisa alioutunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897, ikautia maneno ya Kiswahili. Uganda mwaka 1962 ilipata wimbo mpya kutoka kwa George Kakoma, mmoja wa nyimbo fupi kabisa za taifa duniani. Zote ni njia za heshima. Kenya ilikuwa na wanamuziki wa kutosha kutunga upya, na ilikuwa na vitabu vya nyimbo za kanisa rafuni. Ikaenda kuchukua wimbo wa chumba cha kulala.

Kazi ilikabidhiwa watu watano. Kiongozi wao alikuwa mshauri wa muziki wa serikali, Graham Hyslop, Mwingereza aliyekijua Kiswahili kiasi cha kuandika tamthilia kwa lugha hiyo; Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu zilitoka mwaka 1957. Pamoja naye walikuwamo George Senoga-Zake, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye aliandika kitabu kizima juu ya muziki wa asili wa Kenya, Mchungaji Thomas Kalume wa Pwani, Peter Kibukosya, na Washington Omondi, ambaye miaka ya 1980 angeongoza tume ya rais ya kuchunguza muziki wa taifa. Mkusanyiko wa ajabu, kwa kweli. Ukiwaweka watu hawa chumba kimoja leo, kila mmoja na masikio yake, ungetarajia waachane kabla ya chai ya saa nne.

Ili kuona walichokifanya, lazima kwanza tukae na bembelezi yenyewe, na tusiwe na haraka.

Bembelezi huimbwa na mtu aliyechoka kwa mtu asiyetaka kulala. Mwimbaji ametoka shambani, au ameshinda juani akiufukuzia mpunga ndege, na bado moto haujawashwa. Mikono yake haina nafasi ya ala. Ngoma yake ni kiganja kinachopiga mgongo wa mtoto, na mwendo wote wa wimbo hukaa kwenye kiganja hicho. Mtoto akitulia kiganja kinapunguza kasi, na wimbo nao unapungua. Akishtuka, mwendo unarudi. Hakuna anayehesabu. Sauti haiwezi kupanda sana, maana ikipanda mtoto atafumbua macho. Haiwezi kushuka mno, kwa kuwa mwimbaji hana tena kifua cha kuisukuma. Noti zinakaa karibu karibu, ngazi kwa ngazi, na kila kipande lazima kiishe ndani ya pumzi moja ya kawaida, si pumzi ya mwimbaji wa jukwaani. Tena wimbo hautakiwi uwe na mwisho. Ukiisha kwa kishindo, kazi yote imeharibika. Sentensi ya mwisho inabaki wazi kidogo, ili mtu aweze kurudi mwanzo bila mtoto kujua kwamba amerudi.

Hayo yote yanafanywa bila mtu kusema kwamba anafanya sanaa. Watu wengi hudhani mtunzi ni yule anayeongeza: ala, sauti, madoido. Bembelezi imetungwa kwa kupunguza. Kila mama aliyeirithi aliacha kile alichoona hakimlazi mtoto, na kilichobaki baada ya vizazi ni kitu kigumu kukigusa, kwa sababu hakina ziada ya kukata.

Sasa mgeuze mtu huyo aliyechoka awe umati uwanjani. Wimbo uleule unapaswa kupigwa na bendi ya polisi, tarumbeta na ngoma kubwa. Uimbwe na watu wasiofahamiana, wengine wasioimba kabisa nyumbani kwao. Ubebe sala, haki, undugu, jasho la ujenzi wa nchi. Na lazima uishe, tena uishe kwa namna ambayo bendera ikifika juu ya mlingoti, kila mtu ajue sasa anaweza kulegeza mikono. Ni mahitaji yanayopingana na ya bembelezi karibu katika kila nukta. Mchonga mtumbwi wa Tana anaijua hali hiyo: gogo ni moja, shoka likizidi ubavuni hakuna wa kuubandika.

Ninachowaheshimia watu wale watano ni jinsi walivyojizuia. Wangeweza kuihamishia tuni kwenye skeli ya meja, ile inayosikika ya ushindi, ambayo ndiyo desturi ya nyimbo nyingi za taifa. Waliiacha kwenye maina. Ndiyo maana wimbo wa Kenya ni miongoni mwa nyimbo chache za taifa duniani zenye ile huzuni tulivu ndani yake, kana kwamba nchi ilipokuwa inafurahi usiku ule wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 ilikuwa pia inawakumbuka waliokuwa hawapo. Wageni huusikia na kushangaa. Sisi tumeuzoea, hatusikii tena jinsi ulivyo jasiri kwa kutopiga kelele.

Halafu kuna maneno, na hapa napenda tusogee karibu kabisa. Chukua jina la wimbo peke yake, Ee Mungu Nguvu Yetu. Ni silabi saba. Ile Ee husimama kabla ya pigo, nyepesi, ya kuvutia pumzi tu. Pigo zito linaangukia Mu- ya Mungu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno matatu yanayofuata yana silabi mbili mbili: Mu-ngu, ngu-vu, ye-tu. Kwa hiyo kila mkazo wa lugha unaangukia palepale ambapo kiganja kingepiga mgongo wa mtoto. Huimbi kinyume cha unavyosema. Mwalimu wa kwaya hana haja ya kukufundisha mahali pa kukaza, mdomo wako unapajua tangu ulipoanza kusema.

Toleo la Kiingereza nalo linaanza kwa silabi saba, na mikazo iko mahali palepale. Anayejua taabu ya kuimba tafsiri atalithamini jambo hilo. Ngao, si mbali na Garsen, wamisionari Wajerumani wa Neukirchen walifika mwaka 1887, na tangu hapo nyimbo za Ulaya zikaanza kuimbwa ukingoni mwa Tana kwa lugha za wenyeji. Kila mtu aliyekulia kwenye nyimbo za kanisa zilizotafsiriwa anajua yale maneno yaliyobanwa, silabi ya mwisho ikivutwa kama mpira, mkazo ukikaa mahali ambapo hakuna Mswahili aliyewahi kuuweka. Tuni ilikuwa imekuja na meli, maneno yakalazimishwa kuivaa. Mwaka 1963 safari ilielekea upande mwingine: tuni ilitoka mtoni, na maneno, hata ya Kiingereza, yakaifuata.

Ubeti wa kwanza una mistari sita, na ukiihesabu utaona walivyotatua lile tatizo la mwisho. Mstari wa kwanza una silabi saba, wa pili nane. Ni mifupi, inafanana, ingeweza kurudiwa usiku kucha. Wa tatu ghafla unarefuka hadi silabi kumi, unapanua kifua na kutua. Kisha inarudi mistari miwili mifupi, na wa sita unarefuka tena. Mistari miwili inabembeleza, wa tatu unafika. Hawakuuondoa mzunguko wa bembelezi, waliuongezea mahali pa kusimama. Kwangu mimi huu ndio moyo wa kazi yao yote, na ni jambo dogo kiasi kwamba unaweza kuimba wimbo huo maisha yako yote usilione.

Paredi ya Jumatatu katika shule ya msingi mjini Garsen ni mahali pazuri pa kuisikia kazi hiyo ikijaribiwa. Hakuna kinanda. Mwalimu wa zamu anatoa sauti kwa mdomo, na siku nyingine anaitoa juu mno. Watoto wa Kipokomo, wa Kiorma, wa Kiwardei, wa Kigiriama wanaanza pamoja, na kwa kuwa noti zimekaa karibu karibu, hata aliyeanza pabaya hupata njia. Wadogo wa darasa la kwanza hawajui maneno yote. Wanayaacha yapite na kulikamata lile neno refu la mwisho. Ufikapo ubeti wa tatu sauti imeshuka kidogo kutoka ilipoanzia, kama inavyoshuka kwa kila kundi linaloimba bila ala, na tuni bado ni ileile. Wimbo wenye miruko mikubwa ungekuwa umevunjika zamani. Delta hii ya Tana iliona mauaji makubwa mwaka 2012 kati ya wakulima na wafugaji. Watoto wa pande zote mbili waliendelea kuimba tuni iliyotoka kwa akina mama wa mtoni, katika mistari ileile, mbele ya mlingoti mmoja.

Nimetaja albamu ya pili, na ninayo moja akilini.

Mwaka 2008 vijana wa Nairobi waliokutana Chuo Kikuu cha Kenyatta walitoa albamu iitwayo Scratch to Reveal. Walijiita Just A Band: Bill Sellanga ambaye wengi humwita Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Hawakuwa na kampuni kubwa nyuma yao. Muziki waliutengeneza wenyewe kwa kompyuta, video wakazitengeneza wenyewe, na redio, iliyokuwa imezoea mitindo ya genge na kapuka, haikujua iwaweke wapi. Mwaka uliofuata wakatoa ya pili, waliyoiita 82. Ndiyo iliyo na Ha-He, wimbo ambao video yake ya Machi 2010 ilimleta Makmende, shujaa mwenye afro na ngumi nzito, na kuenea kwenye intaneti kwa kasi ambayo Wakenya hawakuwa wameiona kwa kitu chao wenyewe.

Kelele za Makmende zilikuwa kubwa hata zikaifunika albamu, na ninaona ni hasara, kwa sababu ufundi uko kwenye albamu. Chukua Ha-He. Imejengwa juu ya silabi mbili za jina lake na mdundo unaozunguka, mdundo wa disko na fanki za miaka ya 1970 ambazo vijana wale walizipokea kama urithi, si kama ujana wao. Hata Makmende mwenyewe alikuwa jina la mchezoni, jina ambalo watoto wa mitaa ya Nairobi walimwita yule aliyejifanya bingwa. Walifanya kwa utoto wa mjini kile ambacho watu watano wa 1963 walifanya kwa utoto wa mtoni: walichukua kitu ambacho watu wazima walikuwa wamekiacha nyuma, wakakisimamisha mbele ya umati.

Nao pia walikabiliana na tatizo la kurudia, kwa sura ngumu zaidi. Kwenye kompyuta kipande cha mdundo hukatwa na kuwekwa kizunguke. Maprodyuza hukiita lupu. Mashine haichoki. Itarudia vilevile mara mia, na kitu kisichochoka humchosha msikilizaji upesi. Mama wa Makere hana tatizo hilo, maana kila akirudia, pumzi yake imebadilika, mtoto amejigeuza, kiganja kimepunguza kasi. Marudio yake hayafanani hata yakitaka. Fundi wa lupu lazima aiweke tofauti hiyo kwa mkono. Anaondoa besi kwa muda na kuacha makofi peke yake. Anachelewesha sauti ya kuimba mpaka sikio lianze kuidai. Anaongeza kitu kidogo nyuma kabisa, ambacho hutakitambua mara ya kwanza, ila utahisi chumba kimejaa. Katika 82 nasikia watu walioisikiliza lupu yao kwa muda mrefu, wakijiuliza kila mara ni wapi msikilizaji ataanza kupiga miayo, wakafika hapo kabla yake. Huo ni uvumilivu. Hauonekani, na ndiyo maana wengi waliojaribu kuwaiga waliishia kutoa mdundo tu.

Sitaki kuzidisha ulinganisho. Albamu ya dansi si wimbo wa taifa, na vijana wa 82 walikuwa na uhuru wa kucheza ambao kamati ya 1963 haikuwa nao. Wangeweza kukosea, wakacheka, wakafuta. Kamati ingekosea, taifa lingeimba kosa hilo kila Jumatatu na Ijumaa. Baada ya albamu ya tatu, Sorry for the Delay ya mwaka 2012, bendi ilianza kutawanyika kwenye kazi nyingine; Chuchu na Masya waligeukia filamu, na Kati Kati ya Masya ikatoka mwaka 2016. Sidhani kama ni bahati kwamba watu wale walihamia kwenye sanaa ya kukata na kuunganisha picha. Masikio yaliyofundishwa na lupu hujua ni wakati gani wa kukata.

Swali ninalobaki nalo ni la Tana. Mto huu ulitoa wimbo mmoja, na wimbo huo ukawa mkubwa hata ukazificha nyingine zote. Jina la Mzee Meza Galana halimo kwenye ile orodha ya watu watano inayosomwa shuleni. Hutajwa pembeni, kwenye magazeti, siku za sikukuu. Wapokomo wana ngoma za harusi, na nyimbo za kazi za shambani. Waorma wana nyimbo za mifugo. Kutoka Wenje hadi Ngao hadi Kipini, mahali mto unapoingia baharini, kuna wanawake wenye bembelezi ambazo hazijawahi kufika mbele ya maikrofoni. Kwa maana hiyo Tana imetoa albamu yake ya kwanza tu, tena ya wimbo mmoja, na studio yake ilikuwa nchi nzima.

Ya pili ingeweza kutengenezwa Garsen. Leo vifaa vinaingia kwenye mkoba: kompyuta, maikrofoni moja nzuri, chumba chenye magodoro ukutani kuzuia mwangwi. Vijana wa kuitengeneza wapo; wanatengeneza nyimbo za harusi na za kampeni kila mwaka wa uchaguzi, na wanaijua lupu vizuri. Ningewaomba jambo moja la kiufundi. Prodyuza wengi humwita mwimbaji, humvisha hedfoni, humpigia biti iliyokwisha kupangwa na kumwambia aifuate. Kwa bembelezi hiyo ni njia ya kuua. Mama aliyezoea kuongozwa na mgongo wa mtoto ataanza kuhesabu, na akihesabu tuni inakakamaa. Mrekodi nyumbani kwake kwanza, jioni, mtoto akiwa mapajani. Usimwambie aanze wala amalize. Acha maikrofoni karibu na kiganja chake vilevile kama ilivyo karibu na mdomo, kwa sababu nusu ya wimbo iko kwenye kiganja. Rekodi mwendo ukipungua na kurudi, usiunyooshe kwa kompyuta. Andika jina lake na la kijiji chake kwenye faili kabla hujalifunga. Halafu nenda studio na ujenge juu ya hapo, besi, gitaa, chochote unachotaka, hata disko, ukiifanya biti imfuate yeye anapochelewa.